Atakua Navyo

Kuna maneno mawili ambayo karibu kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania ameshayasikia akiwa amesimama dukani na kiatu kipya mguuni: "Atakua navyo." Haambiwi mtoto mwenyewe. Muuzaji humwambia mama, mama humwambia baba kwa simu, bibi huyarudia jioni viatu vinapotolewa kwenye mfuko. Mtoto yupo palepale, amevivaa viatu vyenyewe, anasikia akizungumzwa kama mtu ambaye bado hajafika.

Kwa muda mrefu maneno hayo yalinipita kama salamu. Siku hizi hayanipiti. Nadhani ndani yake kuna swali la maadili ambalo tunalijibu kila Januari bila kuliuliza: je, ni haki kumvalisha mtoto wa leo kiatu cha mtoto wa mwakani?

Nianze na hesabu, kwa sababu mjadala wa viatu vya watoto usioanza na bei ni mjadala wa watu walioshiba. Dada yangu ana watoto watatu, wote wako shule ya msingi ya serikali: binti wa darasa la sita, mvulana wa darasa la tatu, na kitindamimba aliyeingia la kwanza mwaka huu. Mimi naishi Ilala, hatua chache kutoka sokoni, kwa hiyo shughuli ya viatu ni ya mama mdogo. Mwaka huu dada alinitumia Sh 75,000 kwenye simu. Viatu vyeusi vya ngozi halisi, namba za watoto, nilivikuta Kariakoo kuanzia Sh 35,000. Vya ngozi ya bandia, vile vinavyong'aa siku ya kwanza na kupasuka penye mkunjo wa vidole kabla ya likizo ya Juni, Sh 15,000. Mtumba wa Karume ulikuwa kati ya Sh 10,000 na 20,000, kutegemea bahati, saa uliyofika, na kama muuzaji amekuona ukitabasamu ulipokiokota kiatu.

Ukipanga pesa hiyo kwa miguu sita, unagundua jambo ambalo halionekani kwa mtu anayenunua jozi moja. Kiatu cha ngozi kinadumu miaka miwili, lakini mguu wa mtoto hausubiri miaka miwili. Katika umri wa shule ya msingi mguu unaweza kupanda namba moja kwa mwaka, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo kiatu imara kikinunuliwa kwa kipimo sahihi, mguu utakiacha kikiwa bado kizima, na pesa iliyolipia uimara wake itakuwa imekwenda bure. Uimara unaleta faida pale tu unaponunua kikubwa. Kiatu dhaifu nacho kinaweza kununuliwa kwa kipimo, maana kitakufa kabla mguu haujakua. Mwenye pesa kidogo basi anachagua kati ya kiatu kizuri kinachopwaya na kiatu kibovu kinachokaa vizuri. Kiatu kizuri kinachokaa vizuri kipo sokoni, lakini ni cha mtu anayeweza kurudi dukani kila mguu unapodai.

Hilo linaonekana wazi zaidi Karume. Kwenye rundo la mtumba, viatu vya watu wazima mara nyingi vimechoka: kisigino kimelika upande, soli imekuwa laini kama ulimi. Vya watoto wadogo mara nyingi ni kama vipya. Sababu si kwamba watoto wa Ulaya wanatembea kwa adabu. Ni kwamba huko mtu alimnunulia mtoto wake kiatu cha msimu ule, mtoto akakua, kiatu kikatolewa. Uzima wa kiatu cha mtumba ni ushahidi kwamba mahali fulani kuna mtoto aliyenunuliwa kiatu cha siku yake. Nasi tunakipokea, na jambo la kwanza tunalofanya ni kutafuta jozi iliyo kubwa kuliko mguu tuliokuja nao.

"Dada, chukua 34," kijana mmoja aliniambia mwaka huu, huku akimwangalia mvulana wetu ambaye mguu wake ni wa 31. "Mwakani huji kunisumbua."

"Na mwaka huu?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mwaka huu unashindilia pamba mbele."

Kwa namba za Ulaya, ambazo ndizo zilizoandikwa kwenye soli nyingi sokoni kwetu, hatua moja ni theluthi mbili za sentimita. Kuruka namba tatu ni kuongeza sentimita mbili kamili. Wanaojua habari za miguu hushauri nafasi ya upana wa kidole gumba cha mtu mzima, kama sentimita moja hadi moja na nusu, kati ya kidole kirefu cha mtoto na ncha ya kiatu. Nafasi hiyo inatosha kwa mguu unaosogea mbele wakati wa kutembea na kwa ukuaji wa miezi kadhaa. Sentimita mbili zilizoongezwa juu ya hapo ni chumba tupu anachotembea nacho mtoto. Vidole hujikunja kukikamata kiatu kisivuke, kisigino hupanda na kushuka mpaka kichubuke, na ncha ya kiatu hugonga ngazi ambayo macho yaliona kuwa imeshapitwa.

Kinachobana nacho kina mambo yake, na mengine hayaonekani mapema. Mguu wa mtu mzima una mifupa 26. Wa mtoto mchanga sehemu kubwa ni gegedu, ile kitu laini tunayoitafuna kwenye mfupa wa kuku, na kugeuka kwake kuwa mfupa huendelea mpaka miaka ya mwisho ya ujana. Wazee waliposema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wanafikiria adabu. Kiatu hakijui adabu, lakini kinakunja, na samaki ni mbichi kweli.

Sasa, ukilileta jambo hili mbele ya wakubwa, jibu la kwanza huwa: sisi tulikwenda shule peku, na tumefika hapa. Nimelisikia mezani kwetu, likisemwa kwa fahari ya haki kabisa. Mwenye kulisema anadhani anapunguza dai la mtoto, kumbe kwa upande mmoja analiongezea nguvu. Mwaka 1992 madaktari wawili wa India, Rao na Joseph, walichapisha uchunguzi wa watoto 2,300 wakilinganisha waliovaa viatu na waliotembea peku. Miguu bapa ilionekana kwa asilimia 8.6 ya wenye viatu na asilimia 2.8 ya wasio na viatu, na viatu vya kufunika vidole vilikuwa na matokeo mabaya kuliko kandambili na sandali. Mguu wa babu ulikuwa huru kujijenga. Peku ina adui zake wengine: misumari, chupa zilizovunjika, minyoo ya safura inayopenya kwenye ngozi ya unyayo. Kwa hiyo sisemi turudi huko. Nasema tu kwamba mtoto mwenye kiatu kisichomkaa si lazima awe na nafuu kuliko babu yake aliyekuwa hana, na kumwambia ashukuru ni kumfunga mdomo kabla hajasema.

Na kusema ndiko kugumu. Mtu mzima akienda dukani, ndiye mnunuzi, ndiye mvaaji, ndiye shahidi. Kwa mtoto kazi hizo zimegawanywa: mlipaji ni mmoja, mwenye mguu ni mwingine, na ushahidi wa mwenye mguu haupokelewi kirahisi. Sababu moja ni yetu, kwamba hatusikilizi. Nyingine ni ya mtoto mwenyewe. Mtoto anayejua kwamba pesa ni kidogo hujifunza mapema sana kusema "vinanitosha." Binti yetu wa darasa la sita ni hodari wa hilo. Nilimvalisha jozi moja nikamuuliza, akasema vinamtosha. Nikamwambia atembee mpaka kwenye mwavuli wa muuza maji na kurudi. Alitembea akitabasamu. Nikapiga magoti nikabonyeza mbele ya kiatu: vidole vilikuwa vimefika ukutani. "Vinabana?" nikauliza tena. "Kidogo tu, mama mdogo. Vitaachia."

Alikuwa amekipenda kiatu, lakini naamini alikuwa pia amepiga hesabu. Alijua kwamba akivikataa hivi, vinavyofuata vinaweza kuwa vya bei kubwa zaidi, na nyuma yake kuna wadogo wawili. Kuna wema ndani ya uongo huo, na ndiyo sababu unatisha. Hatuna haki ya kuujenga uchumi wa nyumba juu ya ukarimu wa mtoto wa miaka kumi na mmoja ambaye hajui kwamba mguu anaoutoa hautarudishwa. Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwenye viatu vya watoto anayechagua kitanda ni mmoja, anayelalia ni mwingine, na huyu wa pili anatuambia hakuna kunguni.

Mimi mwenyewe ni wa tatu kati ya wanne, kwa hiyo viatu vilinifikia vikiwa na historia. Kaka yangu alikuwa anakanyagia upande wa nje wa kisigino. Viatu vyake vilipita kwa dada, kisha kwangu, na kila asubuhi nilikuwa nasukumwa kidogo upande wa nje na mtu ambaye wakati huo alikuwa darasani kwake sekondari. Namba ilikuwa sawa. Niliambiwa hivyo, na ilikuwa kweli: namba ilikuwa sawa. Kiatu kilichovaliwa sana kinashika umbo la mguu wa kwanza, na namba iliyoandikwa chini haisemi chochote kuhusu hilo. Silaumu mtu. Nalitaja kwa sababu tunapenda kulichukulia suala hili kama la namba, wakati swali linaloulizwa na mguu ni jingine: kiatu hiki kilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Hapa mtetezi wa mzazi atasimama, na anastahili kusikilizwa. Atasema malezi yote ni kumwazia mtu ambaye hajafika. Tunamshika mtoto mikono achomwe chanjo huku analia, kwa sababu tunamwona yule wa baadaye ambaye hataugua surua. Tunamwamsha saa kumi na moja alfajiri aende shule, ingawa mtoto wa leo anataka kulala. Ikiwa ni halali kumwondolea usingizi kwa ajili ya mtu mzima atakayekuwa, kiatu kinachopwaya kina dhambi gani?

Nimelifikiria jibu kwa muda, na naona tofauti iko kwenye njia ambayo maumivu yanapita. Maumivu ya chanjo yanarudi kwa yuleyule aliyeumia, yakiwa yamegeuka afya, na hakuna njia nyingine ya kuipata afya hiyo. Maumivu ya kiatu kikubwa yanageuka shilingi, na shilingi hizo zinaingia kwenye mfuko wa nyumba. Mguu wa mwakani haupati chochote kutokana na mateso ya mguu wa leo ambacho usingekipata kwa kununuliwa kiatu mwakani. Anayeumia ni mtoto. Anayepata nafuu ni bajeti.

Lakini nyumba ni ya mtoto pia. Sh 20,000 iliyookolewa kwenye ngozi ni unga, ni mafuta ya taa, ni nauli ya kwenda hospitali mdogo wake akipandisha homa usiku. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mama aliyenunua namba tatu zaidi amemwonea mwanawe. Ninaloweza kusema ni kwamba amemkopa. Amechukua raha ya miguu ya mwanawe kwa miezi kadhaa, kaitumia kulipia mahitaji ya wote, na mkopeshaji hakuulizwa.

Nikiliita mkopo, mambo mawili yananyooka. La kwanza, mkopo si wizi, na mama maskini anaweza kuinua kichwa. La pili, mkopo una wajibu. Mtu anayejua ana deni hamcheki anayemdai. Hasemi "unadeka" mtoto anapolalamika, hasemi "vaa soksi mbili" kana kwamba tatizo ni soksi, hamfanyi kichekesho cha familia kwa jinsi anavyoburuza miguu. Kwa maoni yangu madhara makubwa ya "atakua navyo" yanatokea hapo. Mguu unaweza kupona mchubuko kwa wiki. Lakini mtoto aliyeambiwa mara nyingi kwamba anachokihisi mguuni hakipo, anajifunza kutouamini mwili wake, na somo hilo atalibeba mpaka kwenye mambo makubwa kuliko viatu.

Ikiwa ni deni, lazima tuulize pia ni nani wengine wamo kwenye hati ya mkopo, kwa maana mzazi hakuingia sokoni peke yake. Tangu Januari 2016 serikali ya Tanzania imeondoa ada katika shule za msingi na sekondari za umma, na lilikuwa jambo kubwa. Sare na viatu vimebaki kwa mzazi. Na shule nyingi zina kanuni kuhusu kiatu: kiwe cheusi, kiwe cha kufunika, na pengine kiwe cha kamba. Mwaka juzi nilimpatia mvulana wetu, kwa Sh 12,000, jozi ya mtumba iliyomkaa kama iliyoshonwa juu ya mguu wake. Kisigino kilitulia, vidole vilikuwa na nafasi, soli ilikuwa ngumu. Ilikuwa ya kahawia. Siku ya pili mwalimu wa zamu alimrudisha nyumbani, na mvulana akavaa tena vile vyeusi vya mwaka uliotangulia, vilivyokuwa vimeshaanza kumbana. Tukapeleka vya kahawia kwa fundi viatu, akavipaka dawa nyeusi kwa Sh 3,000. Vilidumu hivyo mpaka masika. Mvua ya Machi ikaanza kuirudisha kahawia kwenye ncha za vidole, na kila asubuhi kabla ya paredi mtoto akawa anapaka kiwi kama mtu anayeficha ushahidi.

Ninaelewa sababu ya sare. Adam Smith, kwenye kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, aliweka viatu vya ngozi miongoni mwa mahitaji ya lazima ya Uingereza ya wakati wake, kwa hoja kwamba maskini yeyote mwenye heshima zake angeona aibu kuonekana hadharani bila viatu. Akaongeza kwamba Scotland wanawake wa tabaka la chini waliweza kutembea peku bila kuvunjiwa heshima, na Ufaransa hata wanaume. Alichokiona ni kwamba ulazima wa kiatu hautoki mguuni peke yake, unatoka pia kwenye macho ya watu. Sare imekusudiwa kuyatuliza macho hayo, ili mtoto wa fundi na mtoto wa meneja wasimame mstari mmoja. Lakini kanuni inayosema rangi na isiseme lolote kuhusu kipimo imeyajali macho na kuusahau mguu. Mwalimu anayekagua kucha na nywele kila Jumatatu hajawahi, kwa nilivyoona, kubonyeza ncha ya kiatu cha mtoto kuangalia kama vidole vinapumua. Kama shule ingekubali kiatu cha kahawia kinachomkaa mtoto, au sandali ya kufunga miezi ya joto, ingepunguza deni la wazazi wengi bila kutoa senti.

Wapo waliojaribu kulitatua kwa ufundi. Mmarekani mmoja, Kenton Lee, alikuwa Nairobi mwaka 2007 akamwona msichana mdogo ambaye viatu vyake vilikuwa vidogo mno hata vikakatwa mbele ili vidole vitoke. Baadaye likatoka wazo la sandali inayorefushwa kadiri mguu unavyokua, inayopita namba tano. Ni wazo zuri, na nalisifu kwa jambo moja hasa: linaweka ukuaji ndani ya kiatu, badala ya kumwambia mtoto aubebe yeye. Lakini ni sandali. Kwenye lango la shule niliyoisimulia ingerudishwa nyumbani pamoja na vile vya kahawia.

Nisije nikaonekana nawasema akina mama wa Karume peke yao, kwa sababu kishawishi cha kununua kikubwa kimewahi kuwakamata watu wenye shahada na kalamu za wino. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Tanzania ilianza kujenga kiwanda cha viatu Morogoro. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni nne kwa mwaka, na nyingi zilitarajiwa kwenda Ulaya. Mashine zilikuja, majengo yakasimama, na uzalishaji haukuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya kiwango hicho. Ngozi ya kufaa, vipuri, umeme na wasimamizi havikuwahi kutosha kwa wakati mmoja, na jengo lenyewe halikuendana na joto la Morogoro. Kiwanda kikafungwa mwaka 1990. Nchi nzima ilikuwa imevalishwa kiatu cha namba ambayo haikuwa yake, na waliovivalisha walisema, kwa lugha ya ripoti, kwamba itakua navyo. Mkopo ulikuwa wa kweli, wenye tarehe za kulipa. Watoto waliokuwa darasa la kwanza wakati mashine zinafungwa mle ndani hawakupata hata kandambili kutoka kwenye zile jozi milioni nne.

Nautaja mfano huo kwa sababu unaonyesha kilichojificha ndani ya maneno yale mawili. Yanafanana na tumaini, na anayeyasema hujisikia ni mtu wa kuona mbali. Lakini tumaini la kweli linahusika na mtu aliye mbele yako pamoja na atakayekuja. Linalomwona atakayekuja peke yake linaweza kumkanyaga aliyepo, na likamtaka ashukuru.

Kwa hiyo nina kipimo changu, na ni kidole gumba. Upana wake mbele ya kidole kirefu ni sehemu halali ya kesho ndani ya kiatu cha leo. Kinachozidi hapo kinahitaji kuelezwa. Ninapima jioni, kwa sababu mguu hutanuka kidogo baada ya kutembea kutwa. Ninapima mtoto akiwa amesimama, amevaa soksi za shule, na ninapima miguu yote miwili kwa kuwa mara nyingi hailingani, kisha nafuata ulio mkubwa. Nauliza, halafu nabonyeza, kwa sababu jibu la mdomo linaweza kuwa zawadi. Na pesa ikikataa kutosha, namtafuta wa kukopwa kwa haki: yule ambaye kiatu chake cha mwaka jana bado kina miezi michache ndani yake, au yule ambaye mwendo wake hauna safari ndefu. Simchagui aliye kimya zaidi.

Mwaka huu Sh 75,000 iligawanyika hivi. Binti alipata vya ngozi vya Sh 35,000, vya kipimo chake na kidole gumba kimoja, kwa sababu vikimwacha vitakuwa bado vizima kwa anayemfuata. Kitindamimba alipata vya bandia vya Sh 15,000, vya kipimo, vife navyo mwezi wa sita. Zilibaki Sh 25,000 kwa mvulana. Karume yote, baada ya saa mbili za kuzunguka juani, haikuwa na jozi nyeusi ya 32 ambayo soli yake ilikuwa salama. Ilikuwepo ya 34, ya Sh 18,000, ngozi safi.

Nilichuchumaa mbele yake pale kwenye turubai nikamwambia: "Hivi ni vikubwa. Mimi naona ni vikubwa, na mama nitamwambia ni vikubwa. Hatujapata vyako. Ile elfu saba iliyobaki ni ya viatu vyako, na dada akiongeza kidogo tutarudi hapa Aprili kutafuta tena. Vikikuchubua kabla ya hapo, unaniambia, na hakuna atakayekwambia unadeka."

Alivitazama viatu, akavigonganisha ncha kwa ncha kujaribu sauti yake.

"Aprili tarehe ngapi?" akauliza.

Nikatoa simu, nikafungua kalenda, tukaitafuta tarehe pamoja.